Wazee Wangu ni Mteja Mmoja

"Mama, wewe kakae kule kwenye viti. Hapa tunahudumia mteja mmoja mmoja."

Ndivyo alivyoambiwa mama yangu wiki iliyopita, Tanga mjini, kwenye ofisi ya mtandao mmoja wa simu ambao siutaji. Akaenda kukaa, maana mama ni wa kizazi kinachomtii yeyote aliyevaa beji. Baba akabaki peke yake mbele ya kioo.

Laini yake ilikuwa imefungwa. Namba ya siri ilikosewa mara tatu, na wakaambiwa kwamba ili ifunguliwe ni lazima mwenye laini aende mwenyewe na kitambulisho, ajibu maswali. Haya. Wametoka Muheza asubuhi, kitambulisho kiko kwenye mfuko wa shati la baba, simu imeviringishwa kwenye leso ndani ya mkoba wa mama. Dada wa dirishani akauliza: "Mzee, muamala wako wa mwisho ni upi?"

Baba akajibu kwa heshima zote: "Wa mwisho yuko Mwanza. Ni mwalimu."

Foleni nzima ilicheka. Na mimi nilicheka, mama aliponisimulia kwa simu ya jirani. Hasira ilinipanda baadaye, usiku, nikiwa nimelala. Yule dada akauliza tena, baba akajibu tena (safari hii alitaja mtaa), kisha akaambiwa maelezo yake hayalingani na kumbukumbu, arudi siku nyingine. Mama yuko hatua sita nyuma yake, anayasikia maswali yote, majibu yote anayo kichwani mpaka senti. Haruhusiwi kusogea.

Baba hasikii. Alifanya kazi korona, yaani kwenye mashine ya kuchakata mkonge, miaka 26, na watu wa mashamba ya mkonge hawahitaji nieleze zaidi: ile mashine ikishakula majani kutwa, jioni mtu anarudi nyumbani anaongea kama yuko ng'ambo ya mto. Ndiyo maana mwaka 2020 redio zilipoanza kutangaza kwamba korona inaua, baba alisema hilo yeye analijua tangu miaka ya sabini. Mama naye alianika singa, zile nyuzi za mkonge, ujana wake wote. Masikio yake yanasikia mjusi akitembea darini, lakini jicho la kulia lina mtoto wa jicho na la kushoto linafuata njia hiyo hiyo.

Kwa hiyo wamegawana. Simu ikiita, baba anatazama ni nani, anabonyeza, anampa mama. Mama anaongea, kisha anamfikishia mzee habari kwa sauti ambayo majirani nao wananufaika. Meseji ikiingia, baba anaisoma kwa sauti na mama anaitafsiri, kwa sababu baba ana udhaifu wa kuamini chochote kilichoandikwa. Namba ya siri anaikumbuka mama. Kubonyeza anabonyeza baba. Simu ni moja, kitochi, na kinawatosha. Ukiwaweka pamoja unapata mtumiaji wa simu aliyekamilika kuliko mimi. Ukiwatenganisha unapata wazee wawili wasiojiweza. Na hivyo ndivyo kila ofisi inavyofanya siku hizi: inaanza kwa kuwatenganisha, halafu inashangaa mbona hawajiwezi.

Sikuliona jambo hili mpaka 2021, wakati wa chanjo ya ugonjwa wa korona.

Mtakumbuka hali ilivyokuwa. Miezi michache tu nyuma tulikuwa tunapiga nyungu. Mara Julai 28 Rais Samia akachanjwa Ikulu mbele ya kamera, dozi milioni moja na ushee za Janssen zimeshatua kutoka Marekani kupitia COVAX, mpango wa kimataifa wa kugawa chanjo, na waliotajwa wa kwanza ni watumishi wa afya, wenye magonjwa sugu na waliofikisha miaka 50 kwenda juu. Baba alikuwa na 74, mama 69. Wa kwanza kabisa, kwa karatasi. Tena sindano ni moja tu, hakuna cha kurudi tena. Utaratibu? Jisajili kwenye tovuti.

Hebu tulieni kidogo hapo. Chanjo inawalenga wazee kwanza, na mlango wa kuingilia ni tovuti. Nani kati ya wazee wa Muheza alikuwa anapiga umbea kwenye tovuti mwezi Agosti 2021? Aliyekaa mezani akapanga hivyo alikuwa anajua vizuri kabisa kwamba hakuna mzee atakayejisajili. Alikuwa anatutegemea sisi watoto, tulioko Dar, wenye bando. Hakutuandikia, hakutuomba. Alichukulia tu kwamba kila mzee nchini ana mtoto mwenye simu janja amekaa nyuma yake. Na asiye naye?

Nikawasajili mimi. Jina, kitambulisho, simu, mkoa, wilaya, kituo, tarehe. Kwenye simu niliweka namba yangu, kwa sababu ujumbe wenye namba ya usajili ukienda kwenye kitochi chao utafutwa ili kupisha nafasi. Mzee mmoja, fomu moja. Nikimaliza ya baba naanza upya ya mama, mtandao unakatika, naanza upya tena. Nilipomaliza usiku ule nilijiona mtoto mwema. Asubuhi nikagundua baba nimempangia Jumanne na mama Alhamisi.

Nikapiga simu kueleza. Baba akasema haendi bila mama. Nikasema baba, ni dakika kumi tu, bodaboda nalipa mimi. Akasema, "Daktari akiniuliza kitu, nani atasikia?" Sikuwa na jibu. Nikarudi kwenye fomu kutafuta mahali pa kuandika kwamba hawa ni watu wawili wanaotembea pamoja tangu mwaka 1971. Hapakuwa na mahali hapo. Kulikuwa na mahali pa kuchagua aina ya kitambulisho.

Jumanne wakapanda bodaboda moja, mishkaki, wakaenda wote. Nesi akaangalia karatasi yake, akawaangalia, akauliza huyu mama ni nani. Mama akasema mimi ni wa Alhamisi. Nesi akacheka, akawakalisha benchi moja akawachanja, na jina la mama akaliandika kwa kalamu chini kabisa ya ukurasa. Jambo likaisha. Tovuti ilishindwa kuona kitu ambacho mtu mwenye macho alikiona kabla hajakaa kwenye kiti.

Na serikali yenyewe ilikuja kuona, nitaipa haki yake ingawa sipendi. Mwezi Septemba ulipokuja ule mpango wenye jina refu, shirikishi na harakishi, wahudumu wakaanza kufuata watu walipo: sokoni, stendi, vijijini, nyumba kwa nyumba, wakiwa na vile vibokisi vya baridi. Kwetu walikuja hadi barazani. Waliokuwa wameshindwa kuingia kwa njia ya tovuti wakachanjwa wamekaa kwenye mkeka.

Sasa turudi kwenye ile kauli inayoniudhi kuliko zote, ambayo hata pale Tanga ilisemwa, na kijana wa dirisha la pili aliyekuwa anamfariji mwenzake: "Wazee wetu hawataki kubadilika."

Hawataki! Mwaka 2019 mama huyu huyu aliambiwa laini zote zisajiliwe kwa alama za vidole, mwisho Desemba 31. Akaenda kwa wakala, akakaa chini ya mwavuli, akaweka kidole. Mashine ikakataa. Kidole kingine, ikakataa. Vyote kumi. Singa zilishazila alama miaka mingi. Akaambiwa anawe kwa sabuni, akanawa. Akaambiwa apake mafuta, akapaka. Siku zikasogezwa mpaka Januari 20, 2020, naye akawa anakwenda kila baada ya siku mbili, kama mtu anayehudhuria kliniki, anapapasa kioo kile kwa vidole vyake vilivyolainika kama kete za bao. Mwisho laini ikasajiliwa kwa jina la baba, na hiyo ndiyo sababu leo "mwenyewe" ni baba. Mtu aliyejaribu hivyo mnasema hataki?

Au luku. Namba ya NIDA ina tarakimu 20. Tokeni ya umeme ina tarakimu 20. Nani alikaa akaamua hivyo sijui, ila baba anaziandika zote kwenye daftari moja la kaunta, kwa mwandiko mzuri wa shule ya misheni, na kuna usiku aliingiza namba ya kitambulisho chake kwenye mita mara nne akilaumu kwamba umeme aliouziwa ni mbovu. Tulicheka sana. Lakini 2024 yalipokuja yale maboresho ya mita, ambapo mtu analetewa tokeni tatu za tarakimu ishirini ishirini na lazima ziingie kwa mpangilio, wao walimaliza jioni ile ile. Baba anasoma nne nne kwa sauti, mama anabonyeza kwa kupapasa, ile nukta iliyoko kwenye tano ndiyo dira yake. Vidole vile vile vilivyokataliwa na mashine ya usajili! Mimi Dar niliita fundi.

Najua mtaniambia nini. Mtasema siri ni siri, na matapeli wamejaa. Ni kweli. Kila aliyemo humu ameshapata ile meseji ya "ile hela tuma kwenye namba hii", na kuna wazee wametuma. Baba angetuma, kama si mama kumuuliza, "Hela ipi?" Mtasema pia wako wanawake ambao namba ya siri ndiyo kitu pekee ambacho mume hajakitia mkononi, na ukiruhusu mke na mume wasimame dirishani pamoja utakuwa umemnyang'anya hata hicho. Hili la pili linaniuma, kwa sababu ni kweli na ninawafahamu akina mama wa namna hiyo, tena wengine ni wa ukoo wangu. Sawa. Basi mumuulize mwenye laini mwenyewe: mzee, huyu unataka asimame hapa na wewe? Swali moja. Angejibu hata kwa kichwa.

Hospitalini kuna mabango ya kuwapisha wazee, na mahali pengine dirisha lao kabisa. Tuna Sera ya Taifa ya Wazee tangu 2003, inasema mzee ni kuanzia miaka 60. Nzuri. Lakini huduma zinahamia kwenye simu moja baada ya nyingine, na huko kwenye simu dirisha la wazee liko wapi? Kuna ujumbe unaokuja na tarakimu sita, zinakufa baada ya dakika chache, wakati baba hajamaliza hata kuvaa miwani. Kuna sauti ya mashine inayosema bonyeza moja, bonyeza mbili, kwa mtu ambaye akiweka simu sikioni haoni vitufe, na akitazama vitufe hasikii sauti. Mimi sina shida na teknolojia, mshahara wangu unatoka humo humo. Na mama hataki kusikia habari ya kurudi kupanga foleni ya kununua umeme. Ninachotaka ni sehemu moja kwenye fomu yenu inayouliza: uko na nani?

Juzi wamerudi Tanga. Safari hii nilikwenda nao, nikasimama dirishani nikajibu maswali yote kwa niaba ya baba. Hakuna aliyeniambia nikakae kule kwenye viti. Nilikuwa na simu kubwa mkononi na nimevaa viatu vizuri. Laini ikafunguliwa, baba akapewa namba ya siri mpya, na dada akamsisitizia, kwa sauti ya juu sasa, kwamba asimwambie mtu yeyote, hata mke.

Jana usiku nimepiga kuuliza kama wameibadilisha. Mama akasema ndiyo. Baba hakutaka kumkaidi yule dada, kwa hiyo wamegawana: mbili za mwanzo amechagua baba na hajamwambia mama, mbili za mwisho amechagua mama na hajamwambia baba. Wakitaka kutoa hela mmoja anabonyeza, anafunika kwa kiganja, anampa mwenzake.

Nikamwambia, "Mama, na siku mmoja akiwa hayupo?"

Kimya kidogo. Nikamsikia akimpigia baba kelele, "Anauliza mmoja akiwa hayupo!" Na baba kutoka mbali, "Hayupo amekwenda wapi?"