Mdomo kama cherehani, mwili kama moshi

Lawama dhidi ya video za muziki zinazokwenda taratibu tunaijua: dairekta akiishiwa wazo, anapunguza mwendo. Nywele zinapepea, mvua inadondoka tone moja moja, msanii anageuza shingo kama mtu asiye na haraka ya dunia, na wimbo wa dakika nne unakwisha bila jambo lolote kutokea. Pale picha zilipopigwa kwa fremu 24 kwa sekunde (fremu ni picha moja moja zinazounda video) kisha zikavutwa wakati wa kuhariri, lawama ni ya haki. Fremu zinazokosekana hubuniwa na kompyuta, na kompyuta haijui mkono unaishia wapi na ukuta unaanzia wapi. Vidole vinayeyuka.

Tatizo ni kwamba hukumu hiyo humwangukia pia asiyehusika. Ipo mbinu ambayo kamera huwekwa fremu 48, wimbo ukapigwa kwenye spika kwa kasi maradufu, na msanii akauigiza kwa kasi hiyohiyo. Zile fremu zikichezwa kwa 24, midomo inarudi sawia na wimbo, huku nguo na moshi vikielea. Mtazamaji anahisi kuna kitu hapa, ila hawezi kukitaja.

Anayeiita hiyo njia ya mkato aijaribu mbele ya kioo. Wimbo wa mapigo 95 kwa dakika unakuwa wa 190. Mstari wa sekunde sita unabanwa ndani ya tatu, na kila m, b na p inataka midomo ifunge kikwelikweli. Ikigusana nusunusu, picha inakusema. Kisha uso. Anayeimba msiba lazima abaki na huzuni machoni huku mdomo ukienda kama cherehani. (Wachanaji wenye silabi nyingi, heri wapite mbali.) Juu ya hayo, kila fremu inapata nusu tu ya muda wa kunasa mwanga, kwa hiyo taa ziongezwe au lenzi ifunguliwe zaidi. Lenzi ikifunguliwa, eneo la fokasi, yaani linaloonekana wazi, linakuwa finyu: msanii akisogea hatua moja mbele, ameshapotea.

Kundi la OK Go la Marekani, katika The One Moment ya mwaka 2016, lilizinyoosha sekunde 4.2 za matukio halisi zikabeba karibu wimbo mzima. Ndani ya sekunde hizo, gitaa na maputo ya rangi vinapasuka kwa zamu, na hakuna nafasi ya kusema "kata". Uvivu uko wapi hapo?

Kwenye dansi, hata hivyo, nawapa wakosoaji haki yao yote. Mchezaji mzuri ana uzito. Mguu wake unatua pamoja na ngoma. Mpunguze mwendo, na anaonekana anacheza wimbo wa jirani. Mara nyingine hilo ndilo lililokusudiwa: alikosa biti, na mhariri akamsitiri.