Mpango wa Masomo wa Chuo Kikuu: Nani Ashirikishwe, na kwa Uzito Gani

Chuo kikuu kinapopanga masomo yake ya miaka ijayo, yaani programu zipi zianzishwe na zipi zifutwe, na nafasi za wahadhiri zigawanywe vipi, mabishano kuhusu nani ahusishwe huanza kabla mpango wenyewe haujaandikwa. Wapo wanaoona kuwa kazi hiyo ni ya uongozi na seneti, yaani baraza la juu la taaluma chuoni, na wapo wanaodai kwamba kila anayesoma au kufanya kazi chuoni ana haki ya kusikilizwa.

Historia haijatoa jibu moja. Katika Zama za Kati, vyama vya wanafunzi vya chuo cha Bologna, Italia, vilikuwa na nguvu ya kuwabana hata walimu, ilhali Paris mamlaka yalikuwa mikononi mwa walimu wenyewe. Mwaka 1918 wanafunzi wa Córdoba, Argentina, waligoma wakidai nafasi katika uendeshaji wa chuo chao, na vuguvugu hilo likaenea katika nchi nyingi za Amerika ya Kusini. Lakini uamuzi unaonisaidia zaidi kulifikiria suala hili ni ule wa Mahakama ya Katiba ya Ujerumani wa mwaka 1973. Mahakama ilikubali makundi mbalimbali ya chuo yawakilishwe katika vyombo vya maamuzi, ila ikaweka sharti kwamba katika mambo yanayogusa ufundishaji moja kwa moja maprofesa wawe na nusu ya kura, na katika utafiti na uteuzi wa maprofesa wawe na zaidi ya nusu.

Wanaopinga ushirikishwaji mpana wana hoja nzito. Mashauriano hula muda, na kila idara huja kikaoni ikilinda nafasi zake, hata mpango unaotoka huwa jumla ya maombi ya kila mtu badala ya uchaguzi wa kweli. Wanafunzi nao hupita: anayechangia leo huenda asiwepo mpango utakapoanza kutekelezwa. Tena si kila anayeathiriwa na mtaala wa udaktari au uhandisi anao ujuzi wa kuamua kilichomo ndani yake.

Hata hivyo, hoja hizo zinahusu zaidi nani apige kura kuliko nani asikilizwe. Chukua uamuzi wa kuongeza idadi ya wanafunzi wa kemia. Kwenye karatasi za uongozi ni tarakimu moja tu inayobadilika, lakini fundi wa maabara anajua ni makundi mangapi yanaweza kufanya majaribio kwa wiki bila kuhatarisha usalama, ofisi ya msajili inajua ni somo gani la lazima linalogongana na jingine kwenye ratiba, mkutubi anajua vitabu na majarida yanayokosekana, na mwanafunzi wa mwaka wa tatu anajua ni mada zipi amefundishwa mara mbili na ipi hakuwahi kufundishwa ingawa mhadhiri aliyefuata aliichukulia kuwa imekwisha kueleweka. Kuwaacha watu hawa nje ni kupanga bila taarifa, na jambo hili linaniuma hasa kwa watumishi wasio wahadhiri, kwani ndio husahaulika kwanza.

Kwa maoni yangu, kasoro kubwa zaidi iko katika wakati. Kikao kinachoitishwa baada ya rasimu kukamilika, bila takwimu za bajeti na za udahili, huwapa waalikwa nafasi ya kulalamika tu, na uongozi ukishazoea kusikia malalamiko matupu huhitimisha kwamba jumuiya haina la kuchangia. Wahusika wakiitwa wakati matatizo yangali yakiainishwa, wakapewa takwimu zilezile walizo nazo viongozi, na kila pendekezo kubwa lililokataliwa likajibiwa kwa maandishi, hata anayeshindwa huweza kuona sababu za kushindwa kwake.

Mtihani mgumu ni kufuta programu. Idara inayotishiwa haiwezi kuwa mwamuzi wa kesi yake yenyewe, lakini ndiyo inayojua wahitimu wake wako wapi na ni vitivo gani vingine vinavyotegemea masomo yake. Hapo seneti iamue, ila baada ya idara kupewa muda wa kutosha wa kuzipinga takwimu zinazotumika dhidi yake, na waliohitimu miaka ya karibuni waulizwe pia, maana wameupitia mtaala huo na hawana tena ajira wala alama za kulinda.