Piano ya kujifunzia nyumbani: skeli kwanza au wimbo kwanza?

Wanaojifunza piano nyumbani bila mwalimu wako makundi mawili. La kwanza linashika ratiba: skeli (sauti za ufunguo mmoja zikipigwa kwa mfuatano, chini hadi juu) kila siku, mazoezi ya vidole, metronomu (kifaa cha kuhesabu mapigo), na wimbo usubiri mpaka vidole vikomae. La pili linaingia moja kwa moja kwenye nyimbo linazozipenda, likitafuta sauti kwa sikio. Wapiga kinanda wengi wa makanisa yetu wametoka kundi hili, wakijifunzia kwenye kibodi ya kwaya yenye vitufe 61.

Wa ratiba wana hoja nzito. Dakika 20 za kila siku zinazaa kuliko saa tatu za Jumamosi peke yake, kwa kuwa ubongo huendelea kupanga ulichojifunza hata ukiwa umelala. Tazama skeli ya C kwa mkono wa kulia. Unapiga C, D, E kwa kidole gumba, cha pili na cha tatu, kisha gumba kinapita chini ya kiganja kushika F, na vidole vinaendelea mpaka kidole cha mwisho kifike C ya juu. Aliyejifunza kwa nyimbo tu mara nyingi hana pito hilo la gumba. Akiishiwa vidole anaurusha mkono mzima, na sauti inakatika. Wimbo ukiwa wa taratibu, hakuna anayegundua. Ukichangamka, mkono unaachwa nyuma.

Kuna pia ile swichi ya kibodi ya kupandisha na kushusha ufunguo, yaani sauti ambayo wimbo unaanzia kama do yake. Mpigaji anabaki kwenye C aliyoizoea, spika inatoa ufunguo mwingine, kwaya inaimba na ibada inakwenda. Siwalaumu wanaoitumia, waimbaji hawawezi kumsubiri mtu amalize kujifunza. Ila mkalishe mpigaji huyo mbele ya piano ya kawaida, yenye vitufe 88 na isiyo na swichi, umwombe apige wimbo uleule kwa ufunguo wa E. Atakwama.

Hata hivyo, ratiba ya skeli tupu inavunja watu moyo. Mwanafunzi wa chuo cha muziki anaivumilia kwa sababu mwalimu anamngoja na mtihani uko mbele. Anayerudi kutoka kazini saa mbili usiku, akavaa spika za masikioni ili asiwaamshe watoto, anangojwa na nani? Kinachomrudisha kwenye kinanda kesho yake ni wimbo. Zaidi ya hapo, skeli inayorudiwa huku kifundo cha mkono kimekakamaa na mabega yamepanda inakomaza kosa, na hakuna wa kumwambia. Nguvu za vidole si kila kitu. Mtunzi Mjerumani Robert Schumann aliumia mkono wa kulia akiwa kijana, akaiacha ndoto ya kuwa mpiga piano wa jukwaani. Sababu ya jeraha lile inajadiliwa hadi leo. Chopin, mtunzi na mpiga piano kutoka Poland, kwa upande wake aliwaanzisha wanafunzi kwa skeli ya B, kwa sababu vidole virefu vinatua vyenyewe juu ya vitufe vyeusi. Aliutazama kwanza mkono unavyokaa.

Kwa maoni yangu, wimbo ndio uchague skeli. Wimbo wa wiki hii ukiwa kwenye G, piga skeli ya G peke yake kwa dakika tano. Dakika kumi zinazofuata ni za zile mizani mbili (vipande vifupi vya wimbo vyenye mapigo sawa) unazokwama, kila mkono peke yake, polepole kiasi cha kutokosea. Kisha piga wimbo mzima na ujirekodi kwa simu. Sikiliza kesho yake, kabla hujagusa kitufe. Masikio yaliyopumzika husikia mkono wa kushoto unavyochelewa.

Wiki inayofuata uhamishe wimbo huohuo kwenye F, swichi ikiwa imezimwa. Wanakwaya wetu wana mtaji hapa ambao hawautumii: wanasoma sol-fa, muziki ulioandikwa kwa do, re, mi, na katika sol-fa do huhama na ufunguo. Anayeweza kuimba m-r-d (mi, re, do) popote pale anachohitaji ni kuvifundisha vidole kile ambacho sikio lake linakijua tayari.

Kifundo cha mkono kikiuma, acha kupiga siku hiyo. Maumivu yakirudi, mwombe mpiga kinanda mzoefu aje akutazame unavyokaa, urefu wa kiti na usawa wa viwiko, hata kama ni mara moja kwa mwezi. Rekodi ya sauti haitakuonyesha hayo.