Jibu lipatikane kabla hajashuka kitandani

Watengenezaji wa vifaa vya kupima saratani ya mlango wa kizazi kwa mwanga hupenda sana kuonyesha picha. Mlango wa kizazi umekuzwa, unang'aa kwa rangi ya waridi, na doa jeupe limezungushiwa mstari. Picha ni nzuri kweli. Mimi huuliza swali moja tu: baada ya kupigwa picha, yule mama alifanyiwa nini?

Kipimo cha Pap, yaani kuchukua seli za mlango wa kizazi na kuzikagua, kilichotokana na kazi ya daktari George Papanicolaou na kuenea baada ya miaka ya 1940, kimepunguza vifo kwa kiasi kikubwa katika nchi tajiri. Lakini kinataka maabara, kinataka mtu aliyesomea kutazama seli kwa hadubini, na zaidi ya yote kinataka mwanamke arudi baada ya wiki kadhaa kuchukua majibu. Nauli hana, kazini hapewi ruhusa, namba ya simu aliyoandikisha imeshabadilika. Mwaka 2022 wanawake wapatao 350,000 walikufa kwa saratani hii duniani, na asilimia 94 ya vifo hivyo ilikuwa katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Na huu ni ugonjwa unaotembea polepole: kwa kawaida huchukua miaka 15 hadi 20 kutoka mabadiliko ya kwanza ya seli hadi saratani, ingawa kwa mwenye VVU asiyetumia dawa unaweza kuchukua 5 hadi 10 tu. Muda wa kuuwahi upo.

Sifa kubwa ya mwanga ni kwamba unajibu papo hapo. Tena si jambo geni. Muuguzi anayepaka asidi ya asetiki ya asilimia 3 hadi 5, yaani nguvu ya siki ya jikoni, kisha akasubiri dakika moja na kumulika, tayari anapima kwa mwanga. Seli zilizoanza kuharibika zina viini vikubwa na protini nyingi. Asidi huigandisha protini hiyo kwa muda, mwanga ukashindwa kupenya na kurudi nyuma, na sehemu hiyo ikaonekana nyeupe. Ukiweka kichujio cha kijani, damu hunyonya mwanga huo na mishipa hutokeza myeusi, ndipo unapoona ile iliyojikunja vibaya. Daktari Hans Hinselmann alitengeneza kolposkopi, kifaa cha kukuza na kumulika mlango wa kizazi, nchini Ujerumani mwaka 1925, mtambo mzito wa hospitali. Leo Chuo Kikuu cha Duke kina kolposkopi ya kushika mkononi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Rice wamekwenda mbele zaidi: wanapaka rangi iitwayo proflavini, wanagusisha uzi mwembamba wa kupitisha mwanga, na viini vya seli vinaonekana kwenye skrini bila kukata kipande cha nyama.

Navutiwa, sikatai. Ila jicho ni jicho. Doa moja hilo hilo, wauguzi wawili watalisoma tofauti, na uvimbe wa kawaida nao huweza kuwa mweupe. Kwa mwanamke aliyekoma hedhi, eneo linalotakiwa kutazamwa mara nyingi limeshaingia ndani ya mfereji, kwa hiyo hata taa iwe kali vipi haitalifikia. Kompyuta za kusoma picha zilitia watu matumaini makubwa mwaka 2019, kisha ikaonekana kwamba programu iliyofunzwa kwa picha za kamera moja huyumba ikipewa za kamera nyingine.

Ndiyo maana naona mwanga unapewa kazi isiyo yake unapowekwa mlangoni kuchuja kila anayeingia. Kazi hiyo iachiwe kipimo cha virusi vya HPV, vile vinavyosababisha saratani hii, kipimo ambacho Shirika la Afya Duniani lilikipa nafasi ya kwanza katika mwongozo wake wa 2021, na ambacho mwanamke anaweza kujichukulia sampuli mwenyewe. Atakayekutwa na virusi ndiye amulikwe. Na amulikwe kwa maswali mahususi: doa linaonekana lote au limezama ndani? Linafaa kutibiwa hapa kwa joto, yaani kuunguzwa, au linatisha kiasi cha kumpa rufaa? Tiba ya joto yenyewe ni ya chini ya dakika moja kwa kila mguso, na mashine zake nyingine hutumia betri.

Kuna mfano unaonisumbua kidogo. Mumbai, India, utafiti wa wanawake wapatao 150,000 uliochapishwa mwaka 2014 ulionyesha kwamba kupima kwa siki tu, kwa mikono ya wahudumu wasio madaktari, kulipunguza vifo kwa asilimia 31. Matibabu hayakufanyika kitanda kile kile. Waliokutwa na tatizo walipelekwa hospitali. Lakini walifuatiliwa na kutibiwa bure. Ufuatiliaji wa namna hiyo mahali pengi haupo, na hakuna taa inayouleta.

Kwa hiyo kituo kikiniambia kimepewa kamera mpya, sitauliza ina pikseli ngapi. Nitauliza mashine ya joto iko chumba gani, betri yake ilichajiwa lini, na nani anajua kuitumia siku ambayo yule muuguzi aliyepata mafunzo yuko likizo.