Ngorongoro na Msomera: boma moja, ndugu wawili, uamuzi wa nani?

Tangu Juni 2022, familia za wafugaji wa Kimaasai zimekuwa zikihama Ngorongoro kwenda Msomera, wilayani Handeni mkoani Tanga, umbali wa takriban kilomita 600. Serikali inasema wanahama kwa hiari. Wanaopinga wanasema hakuna hiari pale mtu anapofungiwa milango mingine yote. Katika mabishano haya kuna jambo linalotajwa kidogo mno: ndani ya boma moja, ndugu wa tumbo moja hawakubaliani, na utaratibu wa kuhama haukuwafikiria.

Nianze na hoja ya serikali, maana ina uzito. Hifadhi ya Ngorongoro ilipoanzishwa mwaka 1959, wakazi walikuwa kama 8,000. Leo ni zaidi ya 100,000, katika eneo lile lile la kilomita za mraba zipatazo 8,300. Ng'ombe kwa kila mtu wamepungua sana, na familia nyingi haziwezi tena kuishi kwa maziwa na kuuza dume moja moja. Kilimo kilipigwa marufuku mwaka 1975, kikaruhusiwa 1992, kikazuiwa tena 2009. Kijana aliyezaliwa Endulen au Nainokanoka hana ruhusa ya kulima mahindi wala kujijengea nyumba ya kudumu anavyotaka.

Msomera anapewa nyumba ya vyumba vitatu kwenye kiwanja cha ekari 2.5, pamoja na shamba la ekari 5. Kwa mtu ambaye mifugo yake imekufa na ukame, hicho si kitu cha kudharau. Wapo waliohama na kuridhika, na sioni haki ya yeyote kuwaita wasaliti.

Upande wa pili una historia isiyofutika. Waliohamishwa Serengeti mwaka 1959 waliahidiwa kwamba Ngorongoro wataishi na mifugo yao pamoja na wanyamapori. Hifadhi ilianzishwa juu ya ahadi hiyo.

Tena, wafugaji hawa wameishi na wanyamapori kwa ujuzi unaoweza kuuona kwa macho. Kati ya Januari na Machi nyumbu huzaa kwenye nyanda za nyasi fupi upande wa Ndutu. Ndama wao hubeba virusi visivyowadhuru wao ila huua ng'ombe. Kwa hiyo mfugaji huondoa ng'ombe nyandani, hata kama nyasi ni nzuri kuliko kokote, akawapandisha nyanda za juu mpaka ndama wa nyumbu wakue. Nyumbu wanapata malisho bora wakati wanapoyahitaji zaidi, na hakuna askari aliyehitajika kusimamia hilo.

Au tazama kreta yenyewe, lile bonde kubwa la volkano lililo ndani ya hifadhi. Wakazi wa mwisho walitolewa chini ya kreta katikati ya miaka ya 1970, na uchomaji wa nyasi waliouzoea ukasimamishwa. Nyasi zikarefuka, kupe wakaongezeka. Ukame wa mwaka 2000 ulipofuatiwa na mvua, nyati, simba na hata faru walikufa kwa wingi, na kupe wakawa miongoni mwa sababu zilizotajwa. Wahifadhi wakarudia kuchoma nyasi kwa mpangilio.

Hata hivyo sikubaliani na wanaosema Mmaasai huishi vizuri na mazingira kana kwamba ni tabia ya damu. Ni mpangilio wenye masharti yake. Unahitaji nafasi ya kuhama kwa msimu, na unahitaji ndugu. Mmoja anapanda juu na ng'ombe wa maziwa, mwingine anabaki na mbuzi karibu na wazee, wa tatu anatembea siku nzima kutafuta habari za mvua. Sehemu ya malisho inaachwa kwa ndama na wagonjwa, na jirani anajua haiguswi. Watu wakizidi na nafasi ikipungua, mpangilio unalegea, nayo serikali hailisemi jambo hilo bure. Lakini unalegea pia ndugu waliokuwa wakiuendesha wanapotenganishwa.

Na hapa ndipo neno "kaya", linalotumika kuwaandikisha wanaohama, linapoleta matatizo. Chukua ng'ombe mmoja tu ndani ya zizi. Baba ndiye anayehesabika kuwa mwenye mifugo. Lakini ng'ombe huyo alitengwa kwa nyumba ya mke fulani. Mke huyo ndiye anayemkamua, na wanawe ndio watakaomrithi, si watoto wa mke mwenza. Huenda ndama wake alishatajiwa kijana siku ya tohara yake, na mwingine ameazimwa kwa rafiki. Mzee akijiandikisha kuhama, ameamua juu ya mali yenye madai ya watu sita au saba. Wake, na wanawe waliokwisha kuoa ndani ya boma hilo hilo, wanaweza kujikuta wamehamishwa kwa jina lisilo lao. Ripoti ya shirika la haki za binadamu la Human Rights Watch ya Julai 2024 ilieleza malalamiko ya aina hii, pamoja na kupunguzwa kwa huduma za afya na elimu ndani ya hifadhi. Huduma zikipungua huku nyumba zikijengwa kule, hiari inapoteza nguvu zake.

Anayebaki naye anaumia. Kaka akiondoka na sehemu ya kundi, mdogo wake anabakiwa na mifugo isiyotosha na wachungaji wachache. Kule Msomera aliyehama anakuta wenyeji waliokuwapo kabla yake, wakiwemo wafugaji, na baadhi yao wamelalamika kwamba ardhi yao ndiyo iliyogawiwa. Ekari tano za shamba zinamfaa mkulima. Mfugaji hazimtoshi, na malisho ya pamoja lazima ayatafute kwa watu asiowafahamu.

Agosti 2024 tangazo la serikali lilifuta kata 11 na vijiji 25 vya Ngorongoro. Maelfu ya watu walijitokeza barabarani kuandamana, na Mahakama Kuu Arusha ikalisimamisha. Desemba mwaka huo Rais Samia alikutana na viongozi wa Kimaasai, na mapema 2025 tume mbili zikaundwa, moja ya ardhi na nyingine ya zoezi la kuhama.

Si mbali na hapo ipo njia nyingine. Mwaka 2011 Wahadzabe, jamii ya wawindaji na wakusanyaji wa Bonde la Yaeda, walipata hatimiliki ya kimila ya pamoja kwa zaidi ya hekta 20,000, chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999. Ardhi ni ya jamii, mtu mmoja hawezi kuiuza. Ngorongoro ina sheria yake na watu wengi zaidi, kwa hiyo mfano huo hauwezi kuhamishwa mzima mzima. Lakini unaonyesha kwamba dola inaweza kuandika haki ya kundi ikiamua.

Ninachotaka ni hiki: kila mtu mzima wa boma, mke na kijana aliyeoa wakiwemo, aulizwe peke yake na ajibu kwa jina lake. Huduma zirudi Ngorongoro kabla swali halijaulizwa. Waliopo Msomera wapewe malisho ya pamoja kwa hati, wenyeji wakishirikishwa. Na aliyekwenda akaona hapamfai aruhusiwe kurudi kwa ndugu zake, bila kuitwa mvamizi katika boma alilozaliwa.