Tenganisheni LUKU kabla ya kupachika jipsamu

Fungua ukurasa wowote wa madalali wa Dar es Salaam usome matangazo kumi mfululizo. Chumba masta, marumaru chini, jipsamu juu, makabati ya jikoni, uzio, gari linafika mpaka mlangoni. Halafu mwishoni kabisa: "LUKU mnachangia watano." Mtu ametumia mamilioni kwenye dari, akaacha kaya tano kwenye mita moja ya LUKU, yaani ya umeme wa kulipia kabla. Hakuna kitu kinachoniudhi zaidi ya hicho kwenye biashara ya kupangisha, kwa sababu mwenye nyumba anaamini hasara si yake, na mpangaji ameshazoeshwa kuamini ndivyo mji ulivyo.

Tuweke hesabu mezani. Aliye kwenye kundi la D1, bei ya watumiaji wadogo wa nyumbani, hununua uniti 75 za kwanza za mwezi kwa shilingi 100 kila moja. Ukiongeza VAT asilimia 18, tozo ya REA (umeme vijijini) asilimia 3 na ya EWURA (mdhibiti wa nishati) asilimia 1, inamfikia kwa 122. Akivuka hapo, kila uniti inayofuata ni 350, yaani 427 pamoja na makato. Aliye T1, kundi la matumizi ya kawaida, analipa 292 tangu uniti ya kwanza, ambayo mkononi ni kama 356. Akizoea kuvuka 75, wa D1 anahamishiwa T1.

Sasa ingia kwenye chumba cha mpangaji wa kawaida. Taa mbili za wati 9, saa tano kwa siku, hazifiki uniti 3 kwa mwezi. Televisheni ya wati 60, saa sita kwa siku, ni kama uniti 11. Feni ya wati 60 inayolala ikizunguka saa kumi ni uniti 18. Pasi ya wati 1,000, robo saa kila siku, ni uniti 7 na nusu. Jumla inakaribia 40. Mwongezee friji dogo linalokula uniti moja kwa siku, atafika kama 69. Bado yuko chini ya 75! Mtu mwenye taa, televisheni, feni, pasi na friji anatosha kabisa ndani ya umeme wa 122, ilimradi awe na mita yake.

Wakusanye wanane wa namna hiyo, wasio na friji, kwenye LUKU moja. Uniti 40 mara vyumba vinane ni 320. Kwa T1 hiyo ni karibu shilingi 114,000 kwa mwezi. Mita hiyo ikiwa D1 haisaidii kitu: uniti 75 kwa 122 na 245 zilizobaki kwa 427 zinarudi karibu pale pale, 113,800 hivi. Watu hao hao, kwa matumizi yale yale, kila mmoja angekuwa na mita ya D1 wangelipa wote pamoja kama 39,000. Tofauti ni 75,000 kila mwezi, zaidi ya 9,000 kwa kila chumba. Hela hiyo haiendi kwa mwenye nyumba. Inatoka mifukoni mwa watu wanaouza mboga, wanaoendesha bodaboda na wanaoanza kazi, kwa sababu tu nyumba yao ina mita moja. Unafuu wa D1 uliwekwa kwa ajili ya watumiaji wadogo kama hawa, na mwenye nyumba ndiye anayewazuia wasiupate.

Kisha kuna ugomvi. Nani ana friji, nani anachemsha maji kwa hita, mgeni wa nani amekaa wiki mbili, zamu ya nani kununua. Mpangaji mtulivu, anayelipa kodi kwa wakati, ndiye anayehama kwanza. Anayebaki ni yule mwenye sauti kubwa.

Wenye nyumba wengi wakifikia hapo hukimbilia submita, yaani mita ndogo ya kila chumba inayofungwa baada ya mita kuu. Nielewekeni vizuri: submita inamaliza ugomvi, haimalizi bei. Mita kuu bado inahesabu uniti 320, kwa hiyo wote wanabaki kwenye 356. Kama ni lazima kuanza nayo, basi fanyeni kwa haki. Soma submita zote siku moja na saa moja, mwisho wa mwezi, wapangaji wakiwepo. Chukua risiti zote za LUKU za mwezi huo, jumlisha fedha, ondoa kodi ya jengo iliyokatwa humo, kisha gawa kwa jumla ya uniti zilizonunuliwa. Hiyo ndiyo bei ya uniti moja, na kila mtu alipe uniti alizotumia mara bei hiyo. Usiongeze hata shilingi kumi. Jumla ya submita ikiwa pungufu ya mita kuu kwa zaidi ya uniti chache, kuna mtu ameunganishwa kabla ya submita yake, au taa za nje zinakula bila kuhesabiwa. Ukinunua submita ya tokeni iliyotumika, muulize muuzaji kama iliboreshwa, maana mita za tokeni zilitakiwa kuingiziwa namba mpya kabla ya tarehe 24 Novemba 2024. Isiyoboreshwa inakataa tokeni.

Dawa yenyewe ni mita ya TANESCO kwa kila kaya. Mjini, kuunganishwa njia moja ndani ya mita 30 bila nguzo kumekuwa shilingi 320,960. Kazi kubwa, hata hivyo, iko ndani ya nyumba, na hapo ndipo mafundi wanapoharibu.

Kila chumba kiwe na waya wake kutoka kwenye mita mpaka meni swichi yake: milimita 6 za mraba, au 10 kama umbali ni mrefu. Kutoka hapo, taa zipite kwenye waya wa 1.5 na breka ya ampea 10, soketi kwenye 2.5 na breka ya ampea 20, na kama unaruhusu jiko la umeme, lipewe waya wake wa 6 na breka ya ampea 32. Weka RCD, kifaa kinachokata umeme unapovuja, ya miliampea 30. Fimbo ya eathi izamishwe kwenye udongo wenye unyevu, si kwenye kifusi cha msingi. Nyumba nyingi za vyumba zilisukwa kwa kurukia: fundi alitoa waya kwenye soketi ya chumba cha kwanza akaupeleka cha pili, akasokota kiungo juu ya dari na kukizungushia tepu. Majiko matatu ya wati 2,000 na pasi nne zikiwaka pamoja ni wati 10,000, zaidi ya ampea 43, na zote zinapita kwenye viungo hivyo. Kiungo kilicholegea kinapata moto, tepu inayeyuka, na juu yake kuna mbao za paa. Nyumba zinaungua kwa sababu hii.

Kosa linalofuata ni la nyutro, waya unaorudisha umeme, na ni la kila siku. Fundi anatenganisha waya wa moto wa kila chumba lakini anaacha nyutro za zamani zimeungana kwa sababu kuzifuatilia ni kazi. Umeme unaingia kwa mita ya chumba namba 3 na kurudi kwa nyutro ya chumba namba 5. Mita nyingi za LUKU hulinganisha kinachoingia na kinachorudi. Zikiona tofauti, zinahesabu kwamba umeme unachepushwa, na zinaweza kujizima. RCD nayo inakatika kila saa. Mpangaji anabaki gizani, na nyumba yako inaweza kushukiwa wizi wa umeme.

Kabla ya kumlipa fundi salio, fanya jaribio hili mwenyewe. Washa taa na feni katika vyumba vyote. Zima meni ya chumba cha kwanza. Kila kitu ndani ya chumba hicho kizimike, na kisizimike kitu kingine popote. Washa tena, nenda cha pili, endelea mpaka mwisho. Kisha, meni ya chumba ikiwa imezimwa, mwambie fundi apime kwa kipima umeme kama nyutro ya chumba hicho imegusana na ya jirani. Jaribio zima halimalizi saa moja. Mita zipangwe ukutani nje, usawa wa macho, zikingwe mvua, na kila moja iandikwe namba ya chumba kwa rangi isiyofutika. Maombi yanapokelewa kupitia NiKonekt, mfumo wa TANESCO wa mtandaoni, na fomu ya kusuka nyaya itiwe saini na mkandarasi mwenye leseni ya EWURA, si fundi wa mtaani anayeazima muhuri. Mita ikija ikiwa T1, mpangaji aende ofisi ya TANESCO na namba ya mita aombe D1. Watatazama manunuzi yake.

Nakubali kwamba si fedha ndogo. Mita nane ni 2,567,680 kabla ya nyaya na fundi. Ukiongeza kodi ya chumba kwa 5,000, mpangaji bado anabaki na unafuu wa zaidi ya 4,000, na wewe unapata 480,000 kwa mwaka, hivyo gharama ya kuunganishwa inarudi katika miaka mitano na miezi michache. Wanaoniambia hapo kwamba haina faida wanasahau chumba kitupu: cha 80,000 kikikaa wazi miezi miwili, nusu ya bei ya mita imeshapotea. Usipoweza zote, anza na vyumba vyenye friji. Kama bado unajenga, huna sababu hata moja, kwa sababu bomba za kupitishia nyaya zinaingia ukutani kabla ya plasta. Nawasihi hasa ndugu zetu wa Muscat na Houston wanaosimamia ujenzi kwa picha za WhatsApp: ombeni picha ya ubao wa mita kabla ya picha ya marumaru.

Taa za nje na pampu ziwe kwenye mita yako wewe. Pampu ya nguvu farasi moja ni kama wati 750; saa mbili kwa siku ni uniti 45 kwa mwezi, kama 16,000 kwa T1. Ingiza kwenye kodi ya pango, usiwagawie wapangaji.

Kodi ya jengo ni yako pia. Inakatwa kwenye LUKU tangu Agosti 2021, na tangu Julai 2023 ni 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida na 7,500 kwa kila sakafu ya ghorofa mijini. Mpangaji aliyekatwa umrudishie au umpunguzie kodi ya pango. Ukiwa na mita nyingi kwenye jengo moja, peleka namba zote TRA ibaki moja inayokatwa, na iwe yako. Chumba ambacho mita yake bado inakatwa kikikaa wazi, deni linalimbikizwa, kwa hiyo nunua umeme wewe mwenyewe kabla mpangaji mpya hajaingia.

Maji: mita ndogo ya nusu inchi kwa kila kaya, baada ya koki, ilazwe usawa. Mkataba: namba ya mita na usomaji wa siku ya kukabidhiana viandikwe, na picha ipigwe.

Na wewe unayetaka kununua nyumba ya kupangisha, kabla ya kulipa hata kishika uchumba, omba namba za mita zote ununue umeme wa 5,000 kwa kila moja. Soma risiti mstari kwa mstari: kundi la bei, kodi ya jengo iliyokatwa, deni la nyuma. Ambayo tokeni yake inakataliwa, muulize muuzaji mbele ya mwenyekiti wa mtaa kwa nini.