Ujumbe Umemfikia Nani?

Kila inapotoka filamu ya tashtiti, yaani ya kukosoa kwa kejeli na kicheko, kuhusu ubaguzi wa rangi, wachambuzi huharakisha kutangaza kwamba "ujumbe umefika". Juma hili nimelisoma tamko hilo tena, nami nimeudhika, kwani aliyeliandika hakujishughulisha kutuambia umemfikia nani.

Ushahidi wa kutia shaka upo tangu zamani. Wamarekani walikuwa na kipindi cha televisheni, All in the Family, kilichomchora Archie Bunker, baba mbaguzi na mjuaji, ili watu wamcheke. Watafiti Vidmar na Rokeach, katika matokeo waliyoyachapisha mwaka 1974, walikuta kwamba watazamaji wenye chuki zaidi ndio walioelekea kumpenda Archie na kumwona mshindi wa mabishano. Kicheko kilisikika kimoja, lakini huyu alimcheka mbaguzi na yule alicheka pamoja naye, wala mwandishi hakuwa na namna ya kuwatenganisha. Tena hata asiye na chuki ya wazi huponyoka. Tashtiti nyingi humchora mbaguzi kuwa mshamba mwenye kelele, kisha mtazamaji msomi hutoka ukumbini ameridhika kwamba yeye siye. Amelipa kiingilio ili aambiwe kuwa ni mtu mwema! Mbaguzi anayekunyima kazi au nyumba hafanani hata kidogo na kikaragosi hicho: hutabasamu, huomba radhi, na kukutakia kila la heri.

Spike Lee, mwongozaji filamu mweusi wa Marekani, aliliona tatizo hili katika filamu yake Bamboozled, mwaka 2000, ambamo mwandishi mweusi anabuni kipindi cha kuwadhalilisha weusi wenzake akitarajia kitachukiza, kumbe kinapendwa.

Nakubali, ingawa kwa shingo upande, kwamba filamu ya Get Out ya Jordan Peele, ya mwaka 2017, ilifaulu, na ilifaulu kwa sababu ilimnyima mtazamaji msomi mahali pa kujificha. Wabaya wake ni watu wa adabu na elimu, na baba wa familia anajigamba kwamba angempigia Obama kura kwa muhula wa tatu kama ingewezekana. Hata hivyo, kwenye tuzo za Golden Globe ilishindanishwa katika kundi la vichekesho na filamu za muziki. Katika filamu hiyo watu weusi wanaporwa miili yao, nasi tushike mbavu!

Lee mwenyewe, alipotengeneza BlacKkKlansman mwaka 2018, hakukiamini kicheko peke yake. Baada ya kuwafanyia mzaha Ku Klux Klan, kundi la Wamarekani weupe wabaguzi, kwa karibu saa mbili, aliimalizia filamu kwa picha halisi za maandamano ya wabaguzi weupe katika mji wa Charlottesville, Marekani, za Agosti 2017, zikiwemo za gari lililowavamia waandamanaji waliokuwa wakiupinga ubaguzi. Wanaosema kwamba alivuruga sanaa yake kwa picha za habari wana haki ya kujadili ufundi, lakini wangenisaidia sana kama wangenionyesha ni mzaha gani, kati ya ile iliyotangulia, ungeweza kufanya kazi ya picha hizo.